Usimlishe Rafiki Kabla ya Kumuuliza

Watu wa pwani tumelelewa kumlisha mgeni. Hajaulizwa habari za alikotoka, maji ya kunywa yameshafika. Hajayamaliza, sahani imetengwa. Akisema ameshiba, tunamwambia bado. Akisukuma sahani, tunaongeza. Malezi hayo ni mema, na sina nia ya kuyabomoa. Ninachotaka ni kuyaongezea jambo moja, kwa sababu siku hizi katika kila sinia la watu sita huenda yupo mmoja anayeishi kwa sindano, vidonge au masharti ya chakula, na mara nyingi amekaa kimya.

Kisa kifuatacho nimekitunga, na wahusika wake sikuwapa majina. Lakini yanayowapata ni mambo ya kweli ya mwili wa binadamu, na yanaweza kumpata rafiki yako Ijumaa hii, ukiwa umemshika mkono unampeleka kula.

Walikuwa wanawake wawili waliosoma pamoja chuo cha ualimu. Mmoja aliolewa Unguja, akawa mwenyeji wa Mji Mkongwe, anayejua kila kichochoro na kila muuza badia. Wa pili alibaki Bara akifundisha shule ya msingi Morogoro. Miaka yote walikuwa wanaongea kwa simu, na kila simu iliishia kwenye chakula. "Njoo, mwenzangu," mwenyeji alikuwa akisema. "Wewe hujala urojo. Hayo mnayopewa huko ni supu ya manjano tu. Njoo nikulishe."

Mwenyeji hakujua kwamba rafiki yake alikuwa amegunduliwa na kisukari, na kwamba alikuwa anajichoma insulini mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni. Mwalimu yule alikuwa amechoka kuhurumiwa. Habari zake zilipovuja shuleni kwake, kila akishika kikombe cha chai alisikia, "Wewe si umekatazwa?" Kila akila andazi, watu wazima walimtazama mdomoni kama mtoto aliyekamatwa na sukari guru. Basi alipopanda boti ya kwenda Unguja aliazimia kuwa siku zile chache ataishi kama mtu asiye na ugonjwa wowote. Dawa aliificha ndani ya kimkoba cha vipodozi. Kipimo chake cha sukari alikifunga kwenye kanga, akakiweka chini kabisa ya begi.

Walipofika nyumbani, mwenyeji alimpa ratiba. "Leo sikupikii. Tukishaswali Magharibi tu tunatoka, tunakwenda kula."

Mgeni akapiga hesabu. Insulini aliyokuwa akitumia ni ile ya mchanganyiko, ambayo hudungwa kama nusu saa kabla ya kula. Magharibi ilikuwa imekaribia. Akaingia chooni, akajichoma, akatoka, wakaswali. Hesabu yake ilikuwa sawa kabisa, ila ilisimama juu ya ahadi ya mtu asiyejua kuwa saa yake inahesabiwa.

Walitoka kwa miguu. Muuza urojo ambaye mwenyeji alimsifu miaka yote alikuwa bado hajapanga vyombo. "Hapana neno," akasema mwenyeji, "tuzunguke kidogo, njaa ipande." Akampitisha Darajani, akamwonyesha soko lililojengwa mwaka 1904 na milango yake ambayo kutwa haipumziki. Kando ya njia mama mmoja alikuwa anachoma chapati, na harufu ya samli ilikuwa imejaa hewani. Mgeni akasimama. "Ngoja ninunue moja tu."

Mwenyeji akamvuta mkono. "Chapati? Umetoka Morogoro kuja kula chapati? Usijaze tumbo, mwenzangu. Tunakokwenda ndiko kwenyewe."

Mgeni angeweza kusema neno moja hapo, na kisa hiki kingekwisha. Alinyamaza, wakaendelea na safari.

Walipita barazani kwa wakwe wa mwenyeji, wakasalimia. Wakapita Jaws Corner, pale wanaume wanapokaa kunywa kahawa, kucheza bao na kubishana siasa. Muuza kahawa akawamiminia vikombe viwili vya kahawa chungu, akaweka na sahani ya kashata za karanga. Mwenyeji akachukua moja, akamsogezea mwenzake. Mgeni akakataa. Kichwani mwake mlikuwa na amri moja tu aliyoishika tangu siku ya kwanza ya ugonjwa wake: sukari ni sumu. Kumbe saa ile, dawa ikiwa mwilini na tumbo likiwa tupu, kile kipande cha kashata kilikuwa na heri kwake kuliko kahawa ile isiyo na kitu. Lakini mtu aliyefundishwa katazo bila kufundishwa sababu hushika katazo hata pale linapomdhuru.

Insulini kazi yake ni kuifungulia sukari njia itoke kwenye damu iingie katika misuli na viungo vingine, iwe nguvu. Ikishadungwa, haisubiri mwenye mwili apate foleni fupi. Itafanya kazi yake, chakula kiwepo kisiwepo. Na misuli inayotembea hutumia sukari zaidi, kwa hiyo kila kichochoro walichopita kilikuwa kinapunguza kile kidogo kilichobaki. Sukari ya damu ikishuka chini ya milimoli 4 kwa lita, mwili huanza kupiga kelele: jasho, mikono kutetemeka, moyo kwenda mbio, njaa kali. Ikizidi kushuka, ubongo unakosa chakula chake. Hapo maneno hupotea, macho huona ukungu, na tabia hubadilika. Mpole huwa mkali. Mwenye akili zake huonekana amelewa.

Walipofika Forodhani ilikuwa imekaribia saa mbili usiku. Bustani ile, iliyokarabatiwa na taasisi ya Aga Khan na kufunguliwa upya mwaka 2009, ilikuwa imejaa watu. Taa za wauzaji zilikuwa zinawaka juu ya mishkaki ya ng'ombe, pweza, kamba, ndizi za kuchoma, mihogo na mikate ya kumimina. Vijana walikuwa wanapiga mbizi kutoka ukutani. Mwenyeji alikuwa katika furaha yake kubwa. Alimkalisha mwenzake kwenye ukuta wa mawe, akaanza kumweleza: lile pale ni jumba la Beit al-Ajaib, sehemu yake iliporomoka Desemba 2020, mji huu wote umeingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000. Mgeni alikuwa anayasikia maneno yale kwa mbali, kama yanatoka ndani ya mtungi.

"Sasa sikiliza mpango," akasema mwenyeji. "Tunaanza na urojo. Foleni ni ndefu, lakini huyu ndiye wa kweli: ukwaju wake hauna mchezo, badia za dengu, kachori, viazi, mishkaki, yai, chatne ya nazi. Tukitoka hapo, maji ya miwa. Halafu nimekununulia halua, ile ya zafarani na lozi." Akatoa mkobani kikapu kidogo cha ukili.

"Nataka kula sasa hivi," akasema mgeni.

"Foleni si hiyo inakwenda?"

"Nimesema sasa hivi! Tangu jioni unanizungusha tu. Mji wako, ukwaju wako, maneno yako. Nani alikuomba?"

Mwenyeji alipigwa na butwaa. Katika miaka yote ile hakuwahi kusikia sauti ile kwa rafiki yake. Hakuutazama uso uliolowa jasho katika upepo wa bahari. Alisikia maneno tu, na maneno yalimchoma. "Kama chakula chetu hukitaki, ungesema tangu kule," akajibu.

Mgeni akanyanyuka ili aondoke. Alipiga hatua mbili tatu, miguu ikakataa. Akaanguka na mkono wa kulia ukatangulia kwenye jiwe.

Watu wakajaa. Mmoja akasema ni pepo wa baharini, asomewe. Mwingine akasema amelewa, waachane naye. Wa tatu akamwagia maji usoni. Mwenyeji, akilia, akafungua kile kikapu, akakata pande la halua, akataka kumtia mdomoni.

"Usimtie hiyo!" Aliyesema ni bi mkubwa mmoja aliyekuwa amekaa kwenye kigoda nyuma ya mashine ya miwa, akimsaidia mwanawe kuuza. Alikuja polepole, akapiga magoti, akamshika mgeni shingo, akaikuta baridi na imelowa. Akamgeukia mwenyeji.

"Ana sukari?"

"Sijui, bi."

"Ni nani yako?"

"Rafiki yangu. Miaka mingi."

"Na hujui?"

Mwenyeji hakuwa na jibu. Bi mkubwa akamwinamia mgonjwa. "Mwanangu, unanisikia? Unaweza kumeza?" Mgeni akatikisa kichwa kukubali. Ikaletwa glasi ya maji ya miwa, akaegemezwa, akanyweshwa funda baada ya funda. Wakangoja. Baada ya kama robo saa macho yakaanza kukaa mahali pake. Akaongezewa nusu glasi. Aliporudiwa na akili zake kamili alipewa muhogo wa kuchoma na samaki, ale taratibu. Hapo ndipo alipohisi maumivu ya mkono. Hospitalini waligundua kuwa mfupa wa kifundo cha mkono umevunjika. Mwalimu wa Morogoro alirudi kwa wanafunzi wake akiwa na plasta kwenye mkono anaoandikia ubaoni, na urojo hakuuonja.

Kisa kimekwisha hapo. Yaliyobaki ni funzo, na funzo hili lina watu watatu wa kulibeba.

Wa kwanza ni mwenyeji. Wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Baraka hiyo ni ya mwenyeji anayemtazama mgeni wake. Mwenyeji wa kisa hiki alimpenda rafiki yake kwa dhati, lakini jioni nzima aliutazama mji wake, sifa zake na ratiba yake. Alimnyima chapati kwa mapenzi. Laiti angeuliza mapema, "Kuna kitu huli? Kuna saa lazima ule? Kuna dawa unatumia?" angebadilisha mpango bila kupoteza raha hata moja. Wangeanza na mishkaki ya samaki na muhogo wa kuchoma pale pale Magharibi, wakasubiri urojo matumbo yakiwa na kitu, halua ikaonjwa kijipande kidogo mwishoni kwa kadiri ya ushauri wa daktari wake. Ukarimu usiouliza humlisha mwenyeji sifa na kumwachia mgeni madhara.

Na maswali hayo hayahusu kisukari peke yake. Mwenye shinikizo la damu anapaswa kujua chumvi iliyomo kwenye achari na chipsi za muhogo. Mwenye vidonda vya tumbo anaweza kulala macho kwa ukwaju na pilipili ya urojo. Yuko asiyeweza kabisa karanga, na yuko ambaye kamba mmoja tu humvimbisha midomo na kumbana pumzi. Muuzaji hawezi kujua hayo yote. Anayemshika mgeni mkono ndiye wa kujua.

Wa pili ni mwenye ugonjwa. Huyu namwambia kwa upole, kwa sababu najua aibu yake ilianzia kwenye midomo ya watu wengine. Lakini mficha ugonjwa kifo humuumbua. Sindano ambayo mwalimu yule alijificha chooni kujichoma si alama ya aibu. Kabla ya mwaka 1922, insulini ilipotumika kwa mara ya kwanza kumtibu kijana mmoja huko Toronto, mtoto aliyepatwa na kisukari cha kukosa insulini alikuwa anahesabiwa siku. Leo anasoma, anaoa, anazeeka. Dawa iliyoleta heri hiyo haistahili kufichwa kama kitu cha wizi. Mwambie unayesafiri naye, unayekula naye, unayelala naye chumba kimoja. Mwonyeshe dawa ilipo na kipimo kilipo. Mkobani weka sukari au pipi za kutosha na kikaratasi kinachosema una ugonjwa gani na unatumia dawa gani. Usijichome sindano ya chakula mpaka ukione chakula au uwe na hakika nacho. Na ukiona jasho jembamba na mkono unatetemeka, usimngoje mtu akupe ruhusa ya kula. Kula kwanza, heshima utaitengeneza baadaye.

Upande wa pili wa hatari hiyo nao upo. Mwingine huona aibu ya kukataa, akapokea kila kitu: kahawa na kashata, sharubati, kaimati zilizozama kwenye shira, halua, kisha soda ya kuteremshia. Sukari ya damu inapopanda mara kwa mara kwa miaka, huharibu macho, figo, mishipa ya fahamu ya miguu na moyo. Anayelazimishwa leo haanguki Forodhani, na kwa sababu haanguki, waliomlazimisha hawajui kamwe walichokichangia. Kukataa sahani ya tatu hakumvunji mtu udugu. Sote tunapaswa kujifunza kuisikia "hapana, ahsante" na kuiamini mara ya kwanza.

Wa tatu ni yule anayesimama kutazama. Mtu akitokwa na jasho la baridi, akatetemeka, akachanganya maneno au akawa mkali ghafla, usianze na pepo wala pombe. Uliza kama ana sukari. Kama yuko macho na anaweza kumeza, mpe kitu chenye sukari inayoingia haraka kwenye damu, kiasi cha gramu 15: vijiko vidogo vitatu hadi vinne vya sukari kwenye maji, au nusu glasi ya juisi tamu au maji ya miwa, au nusu chupa ndogo ya soda ya kawaida. Soda isiyo na sukari haitamsaidia. Ngoja dakika 15. Kama hajapata nafuu, rudia. Akishapata nafuu, apewe chakula cha kawaida ili sukari isishuke tena. Halua, pamoja na utamu wake wote, haifai kwa kazi hiyo: hunata kooni, na samli yake huchelewesha sukari kuingia kwenye damu. Hata usipokuwa na kipimo cha kukuhakikishia, kiasi hicho kidogo cha sukari hakitamdhuru kama vile kuchelewa kungemdhuru.

Na kama amezimia au hawezi kumeza, usimtie kitu chochote mdomoni, si maji, si asali, si halua. Kitamkaba. Mlaze kwa ubavu, pumzi ipite, na mkimbizeni hospitali, ambako atapewa sukari kwa mshipa.

Bi mkubwa wa kisa changu hakuwa daktari. Aliuliza tu swali ambalo rafiki wa miaka mingi hakuwahi kuliuliza, na alijua la kufanya baada ya jibu. Hayo mawili yako ndani ya uwezo wa kila mmoja wetu, awe na kibanda cha miwa, awe na mkahawa, awe mteja tu.

Basi nenda ukale na rafiki yako. Mpeleke Forodhani, mpeleke kwa muuza mbaazi na mahamri wa mtaani kwenu, mpeleke kwa mpika visheti unayemwamini. Kula pamoja ni katika neema kubwa tulizonazo. Lakini kabla hamjatoka nyumbani, muulize ale nini, ale saa ngapi, na asile nini, kisha ufuate jibu lake. Nawe ukiulizwa, sema kweli.